Mbwa Aliyesubiri Nimeze

Niseme mapema tusije tukadanganyana: sikuingia kwenye mambo ya mbwa kwa huruma. Niliingia kwa sababu ya makombo. Nina mgahawa mdogo Nyasubi, hapa Kahama, karibu na soko, meza nne na mabenchi yake, na kila jioni ilikuwa inabaki ndoo ya ugali, ukoko na mifupa. Bwana mifugo mmoja mstaafu, mteja wangu wa supu, akaniomba nimwekee ile ndoo. Nikadhani anafuga nguruwe. Kumbe yeye na wenzake watatu wana kikundi cha kujitolea: wanaokota mbwa waliotelekezwa, wanawatibu, wanawachanja kichaa cha mbwa, halafu wanawatafutia watu wa kukaa nao. Nilicheka mpaka nikashika meza. Kahama nzima watu wanahangaika kutafuta vyumba, na kuna watu wazima na akili zao wanawatafutia mbwa makazi.

Miezi miwili baadaye mimi ndiye niliyekuwa mwanachama wa tano. Ukishazoea kulisha kinywa, hujui siku kilipokuwa chako.

Mbwa wetu wengi walitoka machimboni. Dhahabu ikisikika mahali, watu humiminika. Hiyo ndiyo wenyewe wanaiita rashi. Ndani ya wiki mbili pori limekuwa mji: maturubai, karasha za kusaga mawe, wauza chai, mafundi simu, na mbwa wa kulinda. Dhahabu ikikata, au ikisikika kwingine, mji wote unakunjwa na kupakiwa kwenye lori. Lori linabeba mashine, linabeba magodoro, linabeba mabati na hata milango. Mbwa habebwi.

Huyu ninayemsimulia tulimkuta upande wa Buseresere, kwenye machimbo yaliyokwisha kuhamwa. Alikuwa amelala juu ya kifusi, kando ya duara, yaani lile shimo wanalochimba, ambalo mdomo wake ulishaanza kumomonyoka. Mbwa wa kienyeji, mwekundu, sikio la kushoto limechanika, mbavu unazihesabu. Mama mmoja aliyebaki pale akiosha mchanga alituambia mwenye duara aliondoka na lori la kwanza.

"Alimwambia kaa, naye amekaa," alisema yule mama. "Ugali namtupia, hagusi. Namwona anakamata panzi na panya tu. Labda ugali wangu ndio mbaya."

Bwana mifugo alimvisha kamba polepole. Hakung'ata wala hakubweka. Tulipompandisha kwenye pikapu aligeuza kichwa akalitazama lile shimo, akalitazama hivyo hivyo mpaka vumbi letu lilipolifunika.

Tulimweka kwenye banda nyuma ya nyumba ya bwana mifugo, peke yake, kama tunavyofanya kwa kila mgeni. Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu hakula.

Nimepika kwa miaka mingi. Wapo waliokula kwangu wakatoroka kwa mlango wa uani, wapo waliokula wakaomba na cha kubeba, lakini aliyekataa kabisa chakula changu nilikuwa sijamwona. Siku ya kwanza nilimpelekea ugali kwa mchuzi wa nyama. Siku ya pili dagaa. Siku ya tatu nikampelekea maini, maini ambayo hata mwenyewe nayala kwa sikukuu. Kila nilipoweka bakuli alisimama, akanusa kwa mbali, mate yakamdondoka mpaka chini. Halafu alinitazama mimi usoni, akasubiri. Akiona nimesimama tu, alirudi akalala na kugeukia ukuta.

Nilikasirika kwelikweli. Siku ya nne nilimsema kwa sauti, nikamuuliza yeye ni nani hata achague mpishi, na kama huko machimboni alikuwa analishwa pilau. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Nilipoinama kuchukua bakuli niliona miguu yake ya nyuma inatetemeka, na hasira ikaniisha yote.

Jioni ile bwana mifugo alikaa kwenye kigoda nje ya banda. "Maji anakunywa vizuri," alisema. "Homa hana, kinywani hana kidonda. Sijui kinachomsumbua ni nini. Lakini siwezi kumwangalia anakufa kidogo kidogo. Kesho jioni asipokula, nitamchoma sindano apumzike."

Kesho yake jioni nilipakua chakula kwa vishindo. Mchuzi ulimwagika, wateja wakanywea. Kulikuwa na mchimbaji mmoja, mtu mzima, kope zake bado zina vumbi jeupe la mawe, akaniuliza, "Mama, leo nani amekukorofisha?"

"Mbwa," nikamjibu, na nikamweleza.

Aliweka tonge chini. "Mwekundu? Sikio limechanika?"

"Huyo huyo."

"Namjua. Nilichimba duara la jirani yake. Mmemwonjea?"

"Nimwonjee nini?"

"Chakula, mama. Yule hali mpaka amwone mtu amekula kwanza, kwenye chombo kile kile. Wezi wa mawe ya dhahabu wakitaka kuingia kwenye duara hutupa nyama ya sumu, mbwa akala akafa, nao wakabeba. Sasa bosi wake alimfundisha tangu akiwa mdogo: kitu hakijaliwa na mtu, usiguse. Alikuwa anakula tonge lake, anameza, ndipo anamsogezea. Sisi tulikuwa tunamcheka, lakini mbwa wengine wote walikufa, yeye akabaki."

Nilibaki nimesimama na upawa mkononi. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kumpa mgeni kibuyu cha pombe kabla ya kupiga funda la kwanza mwenyewe, mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani. Hata maji ya kunywa aliyaonja. Jambo hilo nimelijua kabla sijajua kusoma. Na siku nne nzima nilikuwa nimempelekea mgeni chakula bila kuonja, halafu nikamwita yeye hana adabu.

Niliwaachia wateja masufuria yangu wajipakulie. Nikachukua bakuli jipya, nikaweka ugali na maini, nikapanda bodaboda. Nilipofika, bwana mifugo alikuwa amekwisha kutoa kiboksi chake cha dawa. Nikamwambia asubiri, nikaingia bandani, nikapiga magoti. Majirani walikuwa wanachungulia juu ya ukuta, na niliwasikia wakiitana waje waone mama wa mgahawa anakula na mbwa.

Nakiri kwamba mara ya kwanza nilimdanganya. Harufu ya banda ilinishinda, na aibu nayo. Nilikata tonge, nikatafuna, nikageuka pembeni nikalitema kwenye kanga. Nilipomrudia alikuwa hajasogea hata kidogo. Nikagundua kwamba hakuwa anatazama mdomo wangu. Alikuwa anatazama koo.

Nikakata lingine, nikatafuna, nikameza. Naapa niliona macho yake yakilifuata lile tonge shingoni mwangu mpaka liliposhuka. Ndipo akaja. Sikutegemea vile alivyokula. Kiumbe cha njaa ya siku zote zile ningetegemea kivamie bakuli, lakini yeye alikula taratibu, akamaliza upande mmoja kisha mwingine, kama mtu aliyelelewa vizuri nyumbani kwa watu.

Nililia. Nilishikwa na kitu ambacho ni zaidi ya furaha, kitu karibu na woga. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu uaminifu, na mengine nimeyasinzia, lakini nilikuwa sijawahi kukaa hatua moja na aliye tayari kufa kuliko kuvunja neno la mtu aliyemwacha. Bwana mifugo alifunga kiboksi chake.

Kumpatia mtu wa kukaa naye ikawa kazi nyingine. Mwenye duka mmoja alimpenda sana, mlinzi asiyelishwa na wezi, nani asimtake. Nilipomweleza sharti aliniangalia kama nimeugua. "Yaani mimi nianze na mbwa amalizie?" Wengine walisema najisi, wengine walicheka tu. Tulijaribu kumwachisha ile tabia, kila mtu kwa mbinu zake, na mbwa alitushinda wote.

Mwisho mwenzetu mmoja wa kikundi akasema ana shangazi yake Tinde, mjane, anaishi peke yake na kuku wake wanaibwa. Tukampeleka. Tulimkuta uani, tukampa mwadila, salamu yetu ya Kisukuma, tukamwamkia na shikamoo, akatuitikia kwa sauti ndogo. Alikuwa mwembamba, mifupa ya mabega imeinua kanga. Mpishi huliona jiko la watu kabla ya kitu kingine, na jiko lile lilikuwa limepoa. Si kwa asubuhi ile tu. Majivu yalikuwa yamekwisha kushikana kwa umande, na buibui alikuwa amefunga nyuzi kati ya mafiga.

"Nimpikie nani sasa?" alisema aliponiona naangalia. "Tangu mzee aondoke nakunywa chai kwa jirani. Chai inatosha."

Nilimweleza habari ya kuonja huku naona haya. Yeye hakuona ajabu yoyote. "Mzee wangu nilimwonjea tangu nimeolewa mpaka tunamzika. Huyu atanishinda nini?"

Tuliwaachia unga na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukaondoka. Njia nzima niligomba. Nilimwambia bwana mifugo kwamba tumemtoa mbwa kwenye sindano tukampeleka kwenye jiko lisilo na moto, kwa bibi ambaye mwenyewe hali, na kwamba safari hii tutawazika wawili. Mpwa wa yule bibi akaongeza kwamba zahanati walishamwambia shangazi yake kuwa haumwi, ila ale. Tulikubaliana turudi baada ya wiki mbili, na tukimkuta mbwa amekonda tumchukue.

Tuliporudi, moshi niliuona tangu barabarani. Mbwa alitoka kutupokea, manyoya yanang'aa, akabweka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Bibi alikuwa jikoni anageuza ugali kwa mikono miwili, na jasho linamtoka. Nikamuuliza kama mbwa hajamsumbua.

"Alinisumbua," akasema. "Wiki iliyopita nilishikwa na malaria, kinywa kichungu, sitaki hata kuona chakula. Nikasema huyu asife kwa ajili yangu, nikajikokota nikamsongea ugali kidogo. Nikatafuna, nikageuka huku nikatema kwenye majivu. Hakugusa. Nikamwambia nimekula. Akanitazama hapa." Akagusa koo lake kwa kidole. "Akanitazama, mayu, mpaka nikameza. La pili likapita lenyewe."

Mwenzetu, yule mpwa wake, alitoka nje kidogo. Mimi nilijifanya naangalia moto.

Bibi aliepua sufuria, akapakua kwenye bakuli la bati, akakaa juu ya kigoda. Mbwa akaja akakaa mbele yake, magoti yao karibu yagusane, akainua macho.

"Watoto wangu wananipigia simu kila jioni," bibi alisema huku anafinyanga tonge. "Wananiuliza, mama umekula? Nawajibu nimekula. Wanaamini. Huyu haamini."

Akala tonge lake, akameza, akamsogezea bakuli.