Leo Hatutoki

Milka Jerotich ni muuguzi wa wagonjwa wa akili jijini Doha, na wenzake wanamjua kwa subira yake. Waliomkaa moyoni zaidi ni wale wanaoogopa kutoka nyumbani. Huwasogeza kwenye hofu kidogo kidogo, akasimama nao papo hapo mpaka mapigo ya moyo yatulie. Wengi amewaona wakirudi kazini.

Kwa Maurice, mhasibu kutoka Kisumu aliyejifungia katika nyumba yake mtaani Al Sadd tangu Ramadhani, mambo yalianza vizuri. Walifika mlangoni, kisha kwenye lifti, hata duka la chini, ambako Maurice alinunua maziwa mwenyewe na kutoka akichekelea. Lakini kila walipokaribia barabara aliketi chini akitapika. Milka alimrudisha pale tena na tena, kama alivyofundishwa. Hofu haikupungua. Mwishowe Maurice akakataa hata kukanyaga kizingiti.

Siku hiyo Milka alirudi kwake akiwa mnyonge. Tiba iliyowafaa wengine ilikuwa ikimuumiza huyu, na mkono uliomvuta ulikuwa wake.

Alipokwenda tena kwa Maurice, alivua viatu akaketi jikoni.

"Leo hatutoki. Nipe chai."

"Umenichoka, Sista?"

"Sijakuchoka. Kila mara nakuuliza unaogopa kiasi gani. Leo niambie, pale barabarani huwa unaona nini?"

Maurice aliikoroga chai mpaka ikapoa.

"Namwona Levis. Tulikuwa tunaishi naye hapa. Mimi ndiye nilimwambia tuvuke, gari bado liko mbali."

Kabla ya hapo Maurice alikuwa akisema ni kizunguzungu tu. Milka hakukimbilia kumwambia si kosa lake, alimwacha alie. Kwa ruhusa yake alimweleza daktari, wakasimamisha safari za barabarani. Kwa miezi mingi Milka alikwenda kumsikiliza tu, Maurice akimwomboleza rafiki yake.

Maurice hakupona kabisa. Mkubwa wake alimkubalia kufanyia kazi nyumbani, na barabara ile haivuki hadi leo. Teksi humfuata mlangoni. Milka haoni haya kulisema hilo.

Ijumaa moja, siku ambayo Wakristo wengi wa Doha husali, Milka akiwa kwenye kwaya, alimwona Maurice akiingia kanisani peke yake, akaketi karibu na mlango. Aliondoka kabla ya baraka. Milka aliendelea kuimba, ingawa sauti ya pili aliyozoea kuimba ilikuwa imempotea kabisa.