Aliyekuwa Akipita Tu

Ipo alasiri moja ambayo haijapata kunitoka, mjukuu wangu, ingawa mengi ya siku zile yamekwisha kufutika. Nilikuwa nimekaa barazani kwetu, Mabawa, nikishona kwa cherehani, na mvua ya vuli ilikuwa imetoka kunyesha. Njia iliyopita mbele ya nyumba yetu ilikuwa ya mchanga, na mchanga ule ukilowa ulikuwa na rangi ya sukari guru. Hapo akapita kijana mmoja mrefu, amevaa shati jeupe lililochakaa mabegani. Alipita kwenda juu. Baada ya kitambo akapita kurudi chini. Kisha akapita tena kwenda juu.

Baba yangu alikuwa fundi seremala, na meza yake ya kazi ilikuwa ubavuni mwa nyumba, chini ya paa la makuti. Aliacha kupiga randa, akamwita.

"Kijana, umepotea?"

"Shikamoo, mzee. Hapana. Napita tu."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Siendi mahali, mzee. Natembea tu."

Baba alimtazama kidogo. "Basi tembea," akasema, akarudi kwenye ubao wake. Lakini jioni, tulipokuwa tunakula, alimwambia shangazi yangu, "Yupo kijana anarandaranda hapa kama randa yangu. Ila randa yangu ikipita, ubao unalainika." Shangazi akacheka, akanitazama mimi. Nami nikainamia sahani.

Nikueleze tulivyokuwa. Sisi ni Washambaa, Walutheri wa milimani. Baba alishuka pwani kufanya useremala kwenye shamba la mkonge, kisha akahamia mjini Tanga akajifungulia karakana yake. Mama alitutoka nikiwa bado mdogo, na aliyenilea ni shangazi Naomi, dada mkubwa wa baba, mjane, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana wa kuposwa, na kila mtu nyumbani alilijua hilo, ingawa hakuna aliyelitaja.

Kijana yule jina lake Elia. Naye kwao ni milimani, upande wa Mlalo, wazazi wake wote wawili wamekwisha kufa. Alikuwa na chumba cha kupanga Usagara, na kazi yake ilikuwa stesheni, kupakia marobota ya mkonge kwenye mabehewa. Jioni alisoma Kiingereza katika darasa la watu wazima. Hayo niliyajua kidogo kidogo, kwa sababu alizidi kupita. Kupita kukaleta kusimama, kusimama kukaleta salamu, na salamu zikatuletea mazungumzo, yeye akiwa njiani, mimi barazani, katikati yetu ua wa michongoma. Mlango ulikuwa wazi na shangazi ndani akisikia kila kitu. Hatukuwa na la kuficha.

Siku moja alikuja amefurahi. Mwalimu wao alikuwa amewapa neno moja la Kiingereza wakae nalo wiki nzima, walitafutie maana zake zote. Alilitamka polepole, "wonda", kama mtu anayeonja kitu.

"Maana yake ni kutangatanga," akaniambia. "Mtu anatembea bila pa kwenda. Lakini mwalimu anasema mto nao unafanya hivyo, ukipinda huku na huku badala ya kwenda baharini moja kwa moja. Macho nayo. Na akili, mtu yuko kanisani na akili yake iko shambani. Hata maneno. Mtu anaanza na jambo hili, anaishia kwenye lile."

"Sisi tunalo tangu zamani," nikamwambia. "Tunasema fulani anatanga na njia. Na mji wenyewe unaitwa Tanga."

Akacheka. Nami, sijui niliupata wapi ujasiri, nikamwuliza, "Na moyo? Moyo nao mwalimu kausema?"

Akachuma jani la mchongoma, akalikunja. "Hilo hakulisema," akajibu. Kisha akaanza kunieleza habari za Mto Pangani, jinsi unavyotoka mbali sana, kwenye theluji, na unavyopita katikati ya mashamba ya mkonge ukiwa na rangi ya udongo. Alieleza vizuri. Nilisikia maji yakienda. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga cherehani, sindano inapanda na kushuka, na mimi mwenyewe sikuwapo pale, nilikuwa ndani ya mto ule nimelala chali, naitazama mbingu inavyosogea.

Shangazi alipoichukua ile kazi jioni, akaigeuza mara mbili. Nilikuwa nimeushona mkono wa shati kwenye ncha yake, umeziba.

"Roda," akasema, "mwenye shati hili atatolea wapi kiganja?"

Alikaa kando yangu akaanza kufumua ule uzi.

"Akili yako inatembea na yule kijana," akasema. "Mimi pia nilikuwa hivyo, na si vibaya. Lakini yeye anatembea kwenda wapi? Umemwuliza?"

Nilidhani jibu nitalipata upesi. Jumapili moja baada ya ibada Elia alikuja nyumbani, safari hii akaingia ndani, amevaa koti la kuazima. Ilikuwa aje na mzee mmoja wa kwao amsemee, kama desturi yetu ilivyo, lakini mzee yule alikuwa anaumwa. Baba akampa kiti, akamwambia, "Si kitu, mwanangu. Sema mwenyewe, nakusikia." Mimi na shangazi tulikuwa jikoni, uani, tumeacha hata kukoroga chungu.

Elia akaanza na hali ya mzee wake. Kutoka hapo akaingia kwenye mvua za milimani, mwaka ule zilivyochelewa. Mvua zikamfikisha kwenye daraja lililobomoka, na daraja likamfikisha kwenye reli. Baba akamsaidia.

"Na wewe mwenyewe, una mpango gani?"

"Mpango ninao, mzee. Maana mtu hawezi kukaa hivi hivi. Nyumba inataka..." Hapo akatazama juu. "Boriti hizi ni za mvule?"

Baba yangu alizipenda mbao kuliko chakula. Alijibu kwamba ni za mninga, na wakaendelea na mninga mpaka jua likatoka kwenye kizingiti. Elia akaaga. Chai yake ilikuwa imepoa kikombeni, haijaguswa.

"Kijana mzuri," baba akasema alipokuja uani. "Sijui alifuata nini." Lakini alijua. Sote tulijua.

Haukupita muda mrefu akaja mwingine. Huyu alikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati moja upande wa Muheza, jina lake Nathanaeli, mtu mfupi, mtulivu, niliyekuwa nimemwona kanisani mara chache. Alikuja na mjomba wake. Walikunywa chai, wakaulizana habari, kisha mjomba akasema walilolijia, kwa maneno ambayo mtoto mdogo angeweza kuyakariri. Nathanaeli akaongeza moja tu, kwamba amekuja kwa hiari yake. Baba akawaambia watapata jibu.

Baba hakuwa mtu wa kulazimisha. Aliniita kwenye meza yake ya kazi, akaendelea kufuta vumbi la mbao ambalo lilikuwa limekwisha futika.

"Nathanaeli amesema," akaniambia. "Mwingine sijamsikia."

Nilihisi uso unaniwaka. "Baba, yupo mwingine."

"Najua yupo. Nimekaa naye hapa mpaka jua limezunguka nyumba. Nimemfungulia mlango, Roda. Nilimwuliza kabisa. Sasa kuingia si kazi yangu." Akaweka kitambaa chini. "Mwambie aje Jumapili. Asilete mtu, asilete kitu. Alitaje jina lako tu mbele yangu, mimi itanitosha."

Mwanangu, hakuna ujumbe niliopata kuubeba wenye uzito kama ule. Elia alipopita nilisimama, nikaenda mpaka kwenye michongoma, nikamweleza yote. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nitasema nini?" akaniuliza.

"Sema unalolijua."

Akaitikia kwa kichwa, na uso wake ulijaa furaha, furaha ya kweli, sikuota. "Jumapili," akasema.

"Jumapili."

Siku ilipofika, baba hakugusa kifaa hata kimoja. Alikaa na koti lake la kanisani. Shangazi alitoa vikombe vya wageni, mimi nikavaa gauni langu la bluu, nikasimama nyuma ya pazia. Mji ulikuwa kimya kama unavyokuwa mchana wa Jumapili, kuku tu wanachakura, na upepo unatuletea harufu ya mkonge na ya chumvi kwa pamoja. Tukamwona anakuja. Alikuwa amevaa lile koti. Alikuja mpaka mkabala na mlango, na baba akatoka kumlaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Ahsante, mzee. Napita tu mara moja hapo juu, nitarudi."

Akapita. Nilimtazama mpaka njia ilipopinda. Baba alisimama pale mlangoni muda mrefu, kisha akaketi. Tulingoja hadi taa zikawashwa. Elia hakurudi kwa njia ile, siku hiyo wala nyingine.

Nililia mno. Shangazi aliniacha nilie, akaniletea maji ya kunawa uso, ndipo akazungumza. Maneno yake ndiyo yaliyonifanya nikuite leo.

"Usimchukie," akasema. "Wapo watu wanaotangatanga kwa sababu hawajui wanataka nini, na hao siku moja hukipata, wakatulia. Huyu alikijua. Miguu yake ilimleta kwako kila siku. Alikizunguka kwa sababu alikijua, akaogopa kukigusa. Kwa mtu wa namna hiyo ukingoja, utazeeka. Na wewe nawe acha kuniambia nitaona, sijui, labda. Nathanaeli unamtaka au humtaki?"

Niliomba siku chache. Nikamfikiria Nathanaeli nikiwa macho, bila kuelea mtoni, bila ndoto. Nikakumbuka jinsi alivyomtazama baba usoni. Nikasema namtaka.

Huyo ndiye babu yako. Hukumkuta, lakini kila aliyemkuta atakwambia. Alikuwa mtu wa kusema "nimechoka" akichoka, na "nisamehe" akikosea, na "nakupenda" bila kungoja nife. Nimeishi naye vizuri.

Baada ya arusi alihamishiwa Pangani. Mama yako alizaliwa huko. Alikuwa bado mchanga, nimembeba mgongoni, siku niliyopanda pantoni kuvuka kwenda ng'ambo, Bweni, kumtazama rafiki aliyejifungua. Watu walikuwa wengi, na mto umejaa, unashusha majani na vijiti polepole kuelekea baharini. Nilisikia mtu anataja jina langu.

Alikuwa Elia, ana kifurushi kidogo. Stesheni alikwisha acha. Alifanya kazi kwenye mashamba ya minazi huko ng'ambo, akatoka shamba hili akaenda lile. Hakuwa na mke. Alimtazama mtoto akatabasamu.

"Roda, siku ile," akasema. "Nilitaka kukwambia. Nilitoka nyumbani mapema kabisa..."

Nikamsogelea nimsikilize. Moyo ulinipiga, nisikudanganye, si kwa kumtaka tena, bali kwa kutaka aseme, ajitue. Akaeleza kwamba njiani alikutana na mtu wa kwao. Mtu yule alikuwa na habari za shamba la marehemu baba yake. Kwenye shamba lile palikuwa na chemchemi. Na chemchemi ikamleta kwenye huu mto, akanionyesha kwa kidole vile visiwa vya majani, namna vinavyozunguka, vinasimama, vinakwenda tena. Sauti yake ilikuwa ileile nzuri. Sikumsaidia. Baba alikwisha kumsaidia. Pantoni ikagusa nchi kavu, watu wakaanza kusukumana kushuka.

"Basi, tutaonana," akasema, akachukua kifurushi chake, akashika njia ya minazi. Sikumwona tena.

Mwanangu, sikuzuii kutembea. Nakuona jioni unavyozunguka mtaani, na wewe unaniona ninavyokaa hapa, mtu ananisemesha nami niko milimani nachota maji na wenzangu ambao wote wamekwisha kufa. Acha akili itoke, inarudi na vitu vizuri. Hata mazungumzo yanayokwenda ovyo ni raha, maadamu hakuna anayekungoja kwenye kiti. Lakini yapo maneno machache ambayo hutakiwi kuyazunguka. Unampenda mtu, mwambie. Umemkosea, mwombe radhi. Hutaki, sema hutaki, usimfanye mwenzio akae amevaa nguo nzuri nyuma ya pazia. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, hakuna aliyekufa kwa hilo. Na ukiwa wewe ndiye mwenye nyumba, na yupo anayepitapita nje kwa woga, mfungulie kama baba alivyofungua, umkaribishe zaidi ya mara moja. Asipoingia, usimtukane. Lakini uishi maisha yako.

Mungu akulinde uendako na akurudishe. Akupe miguu yenye nguvu na ulimi mwepesi kwa jambo jema, na siku utakayosimama mbele ya mtu ukiwa na neno zito kifuani, akutoe woga, ulitamke, na atakayelisikia alipokee kwa upole. Amina, mwanangu.