Neno KARIBU kwenye Mlango wa Uani

Mie sikumwalika mtu. Hilo nalisema mapema, maana miaka ile nililisema mpaka ulimi ukaniuma, na hadi leo likinijia nachoka upya.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi kompyuta wa kampuni moja ya mizigo ya ndege. Fundi ni namna ya kusema tu. Printa ikigoma, mie; laini ya mtandao ikikatika, mie; mkurugenzi akisahau neno lake la siri, mie tena, na kununa ananinunia mie. Tulikuwa na websaiti, kitu cha kuringia enzi hizo. Ukurasa wa mbele ulikuwa wa wateja: picha ya ndege, anwani, na taarifa za mizigo iliyofika, ambazo zilibadilishwa siku mtu akikumbuka.

Nyuma yake nilitengeneza ukurasa mwingine, mkavu, kwa ajili ya wenzetu wa ghala la uwanja wa ndege. Huo haukuwa wa kusomwa na watu. Programu yao iliupelekea namba ya mzigo, nao ukajibu umefika au bado. Sikuuandikia maelezo popote wala sikumtangazia mtu. Ila wale wa ghala walikuwaga wananisimanga kwamba kompyuta zangu hazina adabu, basi kwa mzaha kila jibu nililianza na mstari mmoja peke yake: KARIBU.

Ikapita kama mwaka hivi, mkurugenzi akataka mitambo isafishwe, madoido yatoke. Nikayatoa, na KARIBU ikaenda nayo. Ghala hawakugundua chochote, kwani programu yao ilikuwa inauruka mstari ule tangu mwanzo.

Wiki iliyofuata akaja mapokezini dada mmoja wa Temeke, kavaa baibui, sauti ya chini kabisa. Aliuliza nani mwenye ule ukurasa wa nyuma. Wote wakaninyooshea kidole, kama kawaida yao.

Kumbe mjomba wake alikuwa na duka la dawa, na insulini yao ilikuja kwa ndege, kwenye maboksi yenye barafu. Zamani walikuwa wakipiga simu ofisini kwetu inaita mpaka inakatika, na ukurasa wa mbele uliwaambia mzigo umefika wakati barafu imeshakuwa maji. Huyu dada alikuwa amesomea kompyuta. Akafungua maandishi ya ndani ya ukurasa wetu wa mbele, akakuta humo anwani ya ule wa nyuma, akaandika programu yake mwenyewe ya kuuliza kutwa nzima. Mzigo ukitua tu, wao wameshafika na kasha la baridi.

Na programu hiyo aliifundisha adabu za kwao. Ikishapiga hodi ilisubiri kwanza neno KARIBU. Isipolisikia ilirudi zake kimya, isisome kitu. Tangu nisafishe ilikuwa inarudi kila mara, naye akidhani mzigo bado. Boksi lilikaa ghalani chini ya mabati tangu Ijumaa mpaka Jumatatu, dawa yote ikaharibika. Mmoja wa waliokuwa wakiingoja ni mama yake mzazi, ambaye sasa alikuwa anaishi kwa kichupa cha kuazima.

Nilipandisha hasira. Nadhani niliogopa. Nikamwambia ule mlango ni wa ndani, leo upo kesho haupo, na anayeutumia bila kuambiwa asije kutudai maelezo.

"Nilipiga hodi, kaka," akasema. "Nikajibiwa karibu. Mngenyamaza ningerudi."

Loh! Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hata mie nilikuwa na haki yangu. Mlango sikuutangaza, kweli, lakini kila alipobisha ni maneno yangu yaliyomwitikia, mwaka mzima.

Nikaenda kumwomba mkurugenzi turudishe ule mstari, tena tuandike maelezo rasmi ili watu wa nje wautumie kwa ruhusa. Akasema anayeingia kwetu bila mkataba ni mwizi, na jioni hiyohiyo ukurasa uwekewe neno la siri. Nikauweka. Mshahara wangu ulitoka kwake.

Ijumaa ya pili nikaona kwenye skrini boksi lao lingine limetua. Nikapiga simu dukani, laini imekufa. Nikapiga tena, vilevile. Nje jua linachoma, na ghala Ijumaa likishafungwa ni mpaka Jumatatu. Nikazima kompyuta, sikumuaga mtu, nikaenda Temeke.

Duka nililikuta limefungwa, watu wako msikitini. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka. Nikabisha mlango wa mbele.

"Huo umeharibika kitasa," ikajibu sauti ya mtu mzima. "Zunguka uani."

Nikazunguka, nikipita kwenye nguo zilizoanikwa. Bibi mmoja mwembamba alikuwa amekaa mkekani, mguu mmoja umefungwa bendeji. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mzigo wa dawa umetua sasa hivi, ghala linakaribia kufungwa. Akamwita binti yake. Yule dada akatoka jikoni na mikono mibichi, akanitazama mara moja, akabeba kasha la baridi, huyo.

Tukabaki wawili.

"Na wewe mwanangu," bibi akasema, "nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, mama."

Akakisogeza kigoda kwa mguu wake mzima.

"Haya, karibu."

Nikakaa. Nilikuwa nimechoka mno, sikuuliza kama ile karibu ilikuwa yangu kweli au ya yeyote anayebisha.