Ng'ombe Aliyeficha Maziwa

Nilipita Kimulot mwezi uliopita, nikakuta mahali palipokuwa zizi la nyanya pamepandwa chai mpaka kwenye ukuta wa jikoni. Mwili ulinisisimka kama vile bado nina miaka kumi na minne. Unajua, zizi lile ndilo lililonionyesha uoga.

Kogo, ndivyo tulivyomwita nyanya, alinilea tangu nikiwa mdogo. Mwaka ule alianza kunifundisha kila kitu kwa haraka: kupalilia, kuchuna chai bila kuharibu vichipukizi, kupika ugali wa watu kumi. Presha ilikuwa imemsumbua, lakini hakuniambia. Alisema tu, "Sitakuwa hapa kila siku." Haki, niliyachukia maneno hayo. Kila aliponionyesha kitu kipya, niliona kama anafunga mizigo yake polepole.

Kilichonitisha zaidi ni ng'ombe wetu mwekundu, aliyezoea mikono ya Kogo pekee. Asubuhi moja mjomba akampeleka Kogo hospitali kule Longisa, nikaachiwa ndoo. Mama jirani alikuwa akija kulala nami, lakini hata yeye aliogopa mateke ya ng'ombe yule.

Ng'ombe akaficha maziwa. Nilivuta, nikabembeleza, wapi! Kufikia jioni kiwele kilikuwa kigumu na cha moto. Nikajiambia, huyu atakufa, na mimi ndiye nimemuua. Basi nikavaa sweta ya Kogo, ile iliyonuka moshi na maziwa, nikajifunga kitambaa chake kichwani. Ng'ombe akageuka, akaninusa, akaachilia. Siku nne nilimkamua hivyo, nikijiona mjanja.

Kogo aliporudi akanikuta nimevaa sweta yake. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika vile.

"Wewe! Umemdanganya ng'ombe, na umejidanganya mwenyewe. Vua!"

Akaenda kujificha nyuma ya jikoni ili ng'ombe asimwone, nami nikaanza kukamua bila sweta. Teke la kwanza lilimwaga ndoo. La pili lilinipata pajani. Nilimwita Kogo nikilia, nikamsikia akikohoa nyuma ya ukuta, lakini hakuja. Wiki mbili tulifanya hivyo, ng'ombe akiachilia kidogo tu baada ya mateke mengi, na kila siku Kogo alikohoa zaidi.

Wanangu leo wanajua maziwa ya paketi. Nikiwaambia ng'ombe anaweza kumkataa mtu, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nawaacha wacheke.

Kogo alituaga kabla mvua za mwaka ule hazijaisha. Asubuhi ya mazishi, watu wakipanga viti, nilichukua ndoo nikaenda zizini. Nakwambia ukweli, niliomba ng'ombe akatae. Angekataa, ningejua bado anamngoja Kogo, na mimi pia ningeendelea kumngoja. Nikakaa, nikashika chuchu. Maziwa yakatoka mara moja, mengi, nami nikakamua nikilia mpaka ndoo ikajaa.