Simu Iliyoita Mara Moja

Mwanakombo alikuwa na duka la vitenge mkabala na cherehani yangu, pale Tunduma, kwenye barabara ya kwenda mpakani. Kwa miaka tisa tulitazamana kila siku, mimi mguu kwenye pedali, yeye na mita yake ya mbao mkononi, na nilijiona namjua vizuri. Nasema hivi mapema ili usije ukanidhania mtu mwema.

Alikuwa mnene, mnene hasa. Mzaliwa wa Pangani, mwanamke wa swala tano, mke wa Abdulwahab mwenye malori mawili ya safari za Lubumbashi, Kongo. Mume alionekana mjini siku mbili kwa mwezi, na hizo mbili zenyewe alizimalizia kwenye foleni ya forodha. Binti yao, Nuria, alikuwa anasoma Morogoro. Kwa hiyo Mama Nuria alilala peke yake katika nyumba ya vyumba vitano, na akifika dukani asubuhi anaongea mfululizo mpaka unajua tangu jana jioni hajapata wa kuongea naye. Wateja wa Nakonde, upande wa Zambia, walimpenda. "Mulishani, bamayo!" anawasalimu kutoka mbali, na Kibemba chake cha Kipangani kilituchekesha sote.

Mwezi wa pili mwaka 2013 aliaga kwamba anakwenda India kuchukua mzigo. Alikaa wiki sita. Alirudi na marobota mawili tu, na mwili ukaanza kumwisha. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nimempunguzia magauni mara tatu. Sasa Tunduma ni mji wa madereva. Mtu akikonda watu hawaulizi, wanajijibu wenyewe. Walijijibu. Na mimi ndiye niliyefuatwa kuulizwa zimepungua inchi ngapi, na nilikuwa nazitaja moja moja.

Kilichonikera si kukonda. Kilichonikera ni simu. Kila baada ya nusu saa simu yake iliita mara moja, ikakata. Alikuwa anabipiwa. Akisikia tu, anavuta chupa ya maji, anajaza kile kifuniko chake kidogo, anameza taratibu, anatulia, anajaza tena. Vifuniko kumi. Kisha naye anabipu huko ilikotoka, na anatabasamu. Yale maongezi yake ya asubuhi yakaisha kabisa.

"Mama Nuria, hiyo dawa gani?" nikamuuliza siku moja.

"Koo tu linanisumbua, fundi."

Koo! Mimi ni Mndali, ni mzee wa kanisa, na nina ugonjwa wa kujua mambo ya watu. Mwanamke anapungua, anabipiwa kutwa, anatabasamu, mume yuko Kongo. Nikajua nimeshapata jibu.

Soketi ya dukani kwake iliungua mwezi wa sita, akawa analeta simu kuchajia kwangu. Jumanne moja alikwenda kuswali adhuhuri, akaiacha mezani pembeni ya mkasi. Ikaita. Nikachungulia kioo: imeandikwa "Maji". Binadamu gani anaitwa Maji? Huyo ni mwanaume aliyefichwa jina, nikajiambia.

Kila mtu anajua simu ya kubipu haipokelewi, maana ukiipokea unamlia mwenzio vocha. Nikaipokea makusudi.

"Wewe Maji," nikasema kwa sauti nzito, "mwenye mke niko hapa. Ukirudia kupiga namba hii nitakufuata huko huko uliko."

Nilisikia mtu akivuta pumzi, na jogoo akiwika kwa mbali. Ikakatwa. Nikaifuta ile simu kwenye orodha, nikarudi kwenye cherehani nimejaa sifa. Nilijiona nimeiokoa ndoa ya watu.

Simu haikuita tena. Mwanakombo alirudi, akasubiri, akabipu mwenyewe, akasubiri. Kesho yake akapiga kabisa, akaishusha sikioni polepole. Haipatikani. Akawa anaitazama kila mara, hata mbele ya mteja, na mimi natoboa matundu ya vishikizo huku nacheka kimoyomoyo.

Ule mwezi wa sita upepo wa Tunduma ulikuwa mkali, baridi na vumbi pamoja, hakuna mtu aliyekuwa na hamu ya maji. Chupa yake, ambayo zamani ilikuwa inaisha kabla ya saa tano, sasa ilirudi nyumbani jioni imejaa. Midomo ikampasuka. Akisimama anashika rafu kwanza. Mapenzi yanamtesa, nikasema. Hata sikumuuliza kama amekula.

Siku ya tisa alikuwa anapima kitenge cha mteja, akaanguka nacho.

Mimi na yule mteja tulimpakia kwenye bajaji. Hospitalini wakamtundikia dripu, na daktari, kijana mmoja mkavu wa maneno, akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Nilikuwa peke yangu pale. Nikasema ni mimi.

"Mama, mara ya mwisho kukojoa lini?"

"Jana asubuhi," akasema Mwanakombo. Akanitazama, akaona hakuna njia. "Daktari, nilikatwa tumbo India ili nipungue. Limebaki dogo, mfano wa ndizi. Nikigida maji yanarudi. Na kiu sisikii."

Daktari alikasirika. "Si walikwambia lita moja na nusu kwa siku, usikie kiu usisikie? Kidogo kidogo, kutwa nzima? Figo zinakauka hizo, mama. Safari nyingine hutafika hapa."

"Walinieleza. Nilikuwa na wa kunikumbusha."

Alipotoka daktari, ndipo nikayasikia yote. Kitanda cha pili kule India alilala mwanamke wa Kahama, Stamili. Wote wawili waliwaficha waume. Abdulwahab alikuwa ameshamwambia Mwanakombo kwamba akijikatisha tumbo asirudi kwake; wa Stamili alikuwa mkali zaidi. Wakaapiana kubipiana kila nusu saa, tangu alfajiri mpaka isha, ili kila mmoja anywe. Kuongea hapana, maneno yangesikika. Na siku simu ikipokelewa na mwanaume, basi wamegunduliwa: kata, tupa laini, usitafute tena.

"Miezi mitatu hajakosa hata mara moja," akasema. "Amekufa, fundi. Stamili hawezi kuninyamazia akiwa hai. Mume wake simjui, mtaa wao siujui, nimuulizie kwa nani? Nimemsomea Yasini peke yangu chumbani. Ningemwita nani tumsomee, na niseme ni nani kwangu? Tangu hapo nikishika kifuniko mkono unakataa."

Alilia bila machozi. Sikujua kwamba mwili unaweza kukauka kiasi hicho.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua, na alikuwa ameshanishukuru kwa kumleta. Lakini nilimwona anamwomboleza mtu aliye hai, nikashindwa. Nikamweleza: adhuhuri, jina kwenye kioo, maneno yangu yote, hata yule jogoo.

Aliuegemea mto, akanikazia macho.

"Ulisema wewe ni mume wangu?"

"Nilisema hivyo, dada. Nisamehe."

"Kumbe yuko hai." Uso ukamng'aa, kwa kitambo kidogo nikamwona yule Mama Nuria wa zamani. Kisha ukafifia. "Na yeye sasa nani anamkumbusha?"

Akageukia ukutani. "Nenda kashone, fundi," akasema.

Alirudi dukani baada ya siku nne. Tunasalimiana, basi. Wakija watu kuniuliza inchi, nawaambia futi kamba yangu imepotea. Nilipokwenda kwenye mkutano wa kanisa Mbozi Mission nilikutana na muuza mchele aliyetoka Kahama, nikamuuliza kama anamjua Stamili. Akaniuliza Stamili yupi, maana anawajua sita.

Kila nusu saa namwacha mteja wangu, nachukua simu, nambipu Mwanakombo. Kutoka kitini kwangu hadi kwake ni hatua nane. Ningeweza kusema tu kunywa maji, lakini sauti yangu ameikataa. Simu inaita mara moja, nakata. Anajua ni mimi, wala hainui macho. Mwaka wa pili huu, na chupa inaisha kabla ya saa tano.

Ila hajazi kifuniko papo hapo. Kwanza anabonyeza namba ya Stamili, anaweka simu sikioni, anasikiliza mpaka mwisho. Njia ikiwa kimya hata mimi naisikia ile sauti ya kampuni ikisema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akishaisikia, anavuta chupa, anaanza kunywa.