Mkanda Uliolinda Ulezi wa Germana

Lenard wa Kitandililo hajaoa mpaka leo, na Makambako nzima ina la kusema. Wengine wanasema alibagua mno. Sura yenyewe ya kubagulia hana, lakini tuendelee.

Ujanani aliishi misheni, upande wa Njombe, na kazi yake ilikuwa mdomo. Misheni ilikuwa na filamu moja ya mapenzi, ya zamani, isiyo na sauti. Mzungu mwenye kofia anampenda binti, binti anaolewa na mwingine, mwishoni kofia inaelea mtoni peke yake. Lenard alisimama kando ya mashine akiwasemea. Pale pa kuposa, alimpachika mzungu maneno yake mwenyewe.

"Anasema hivi: njoo tukalime viazi Kitandililo! Nyumba nitaezeka bati, maji nitachota mimi!"

Watu wakavunjika mbavu. Mzungu na Kitandililo wapi na wapi? Aliyecheka kuliko wote ni Germana, benchi la mbele, ndiye aliyekuwa anaambiwa.

Mashine ilipokufa, masista wakampa Lenard ule mkanda wa filamu kwenye kopo lake. Akampelekea Germana. Njiani alikuwa na hotuba nzima, mlangoni ikabaki, "Chukua, itakufaa." Msemaji wetu huyo! Baada ya mavuno Germana akaolewa na Ambrose.

Ambrose alifariki mwaka juzi. Lenard alingoja msiba upoe, akanyoa ndevu, akaenda. Mpango wake: auombe mkanda, amwonyeshe Germana picha ya mzungu anayeposa, hatimaye aseme yale maneno yalikuwa ya nani.

"Kamwene, kaka Lenard! Umezeeka hivyo, hata mke wa kukupikia hukutafuta?"

"Nilitafuta. Germana, ule mkanda niliokupa..."

"Wee! Ulinifaa kweli!" Akamvuta mkono hadi uani. "Tuliukatakata na marehemu, tukautandaza juu ya ulezi shambani. Upepo ukipiga unametameta, unalia, ndege hawasogei. Ulezi ule ndio tuliopikia pombe ya harusi. Si ulikunywa?"

"Nilikunywa," alisema Lenard.

Kipande kimoja bado kilikuwa kimefunga mlango wa banda la kuku. Lenard akakifungua, akakiinua juani. Mvua na jua vilishamaliza kazi. Mzungu hayupo, binti hayupo, hata kofia.

"Kilikuwa na nini?"

"Ile filamu ya kofia."

"Mungu wangu! Mbona hukusema?" Germana akashika shavu. "Yule mzungu wa viazi! Hivi, yale maneno uliyatoa wapi?"

Akamtazama, akangoja. Kuku wakaanza kutoka mmoja mmoja, hakuna aliyewazuia.

Lenard akainama, akaufunga mlango upya kwa kile kipande, fundo mara mbili.

"Yalikuwa ya mzungu," alisema.

Germana akacheka. Safari hii hakucheka sana.