Chai Haipulizwi

Muuguzi wa kliniki ya pumu pale mjini Kigoma alinifundisha zoezi moja tu, nami nikalidharau. Vuta hewa kwa pua, alisema, kisha kunja midomo uitoe polepole, kama mtu anayepoza chai ya moto. Kupoza chai kwa kupuliza! Sisi wa Ujiji tumelelewa tukiambiwa kupulizia chakula ni makuruhi. Nyanya yangu akikuona unapuliza uji, kijiko kilikuwa kinahamia kwenye vidole vyako. Miaka sitini na mitatu sijapuliza kikombe, nianze kwa ajili ya binti mwenye soksi nyeupe? Nikamwitikia vizuri, nikaenda zangu na pampu yangu ya dawa.

Maji yalinifika shingoni kijijini Kagunga, mpakani na Burundi. Nilikwenda kununua dagaa, siku mbili tu nirudi, ndipo wakimbizi kutoka Burundi wakashuka mlimani maelfu kwa maelfu, mpaka mchanga wa ufukweni haukuonekana. Nyuma mlima, mbele ziwa, barabara hakuna. Meli iliyoletwa ilikuwa ya kubeba wakimbizi tu, na boti za wenyeji ziliacha kuja. Kila familia ilikoka moto kwa kuni mbichi, na moshi ule haukuwa na pa kwenda, kama mimi. Siku ya tano pampu ikatoa upepo mtupu. Niliogopa, sifichi. Nikalia, na kulia kukanibana zaidi.

Mwanamke mmoja wa makamo, mkimbizi aliyekuwa peke yake, alikuwa ametandika mkeka kando ya gunia langu la dagaa. Akanishika mabega. Mama yake, aliniambia baadaye, alikuwa na ugonjwa huu huu.

"Hema buhoro, mama," akasema. "Polepole."

Akakunja midomo, akapuliza, akihesabu kwa vidole juu ya goti langu: rimwe, kabiri, gatatu, kane. Zoezi lile lile la muuguzi! Ningekuwa na pumzi ningecheka. Nilipuliza mchana kutwa, makuruhi au si makuruhi, mpaka kifua kikalegea. Siku tatu tulipumua hivyo, goti kwa goti, tukila dagaa wangu.

Siku ya nane ikaja boti ya mizigo. Mwenye boti alikuwa anapakia wenyeji na watu wao tu, na askari amesimama karibu yake. Nikapanda. Mwenzangu alikuwa bado amenishika mkono, miguu yake majini.

"Shikamoo bibi. Huyu ni wako?" askari akaniuliza.

Niliona nikisema ndiyo watanihoji, watanishusha, nirudi kwenye moshi ule. Pumzi ya kujibu nilikuwa nayo, amenipa yeye.

"Hapana," nikasema.

Hakulia, wala hakunilaumu. Akauachia mkono wangu. Boti ilipogeuka, moshi wa injini ukanipata nikaanza kukohoa, naye pale pale majini akakunja midomo, akainua vidole vinne, kunikumbusha.